Gari la samaki na waya ya zambarau

Mimi nauza samaki. Alfajiri nachukua mzigo Ngomeni, siku nyingine Mambrui, nateremsha nusu Malindi mjini na nusu inaendelea hadi kwenye hoteli za Watamu. Gari langu ni steshenwagoni ya Kijapani, otomatiki ya gia nne, iliyoletwa Mombasa ikiwa imeshatumika, na kabla ya kufika kwangu ilipitia mikono mingine hapahapa Pwani. Viti vya nyuma niliving'oa zamani, pamekaa masanduku ya barafu. Nayataja haya mapema kwa kuwa kila moja lilikuja kuwa na neno lake: mzigo, chumvi, na hiyo mikono mingine.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa msimu wa upepo wa Kaskazi, wakati gari halipumziki. Nimesimama, nimetia D, nakanyaga mafuta, gari linakuwa zito papo hapo. Injini inaguna, mwendo haupo. Kwenye dashibodi ile taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF inapepesa, na wala mkono wangu haujagusa kile kidude cha ovadraivu, cha kufungia gia ya nne. Likishapata kasi linaenda vizuri tu, ungesema halina neno. Nikisimama tena, yale yale. Nikizima injini, nikavuta pumzi mbili tatu, nikawasha, taa haipo na gari limepona. Rivasi haikunisumbua hata siku moja.

Wengi wakiambiwa hivyo husema giaboksi inateleza. Kuteleza ni kitu kingine: injini inapanda juu, gari halifuati, kwa sababu sahani za klachi mle ndani zimelika. Langu lilikuwa linaondoka na gia ya tatu. Ndani ya giaboksi za aina hii mna valvu ndogo za umeme ziitwazo solenoidi, na kwenye langu zinazochagua gia ni mbili, A na B. Kompyuta ikitaka gia ya kwanza inaipa umeme A peke yake. Ya pili, inazipa zote mbili. Ya tatu, inaikatia A na kuiacha B. Ya nne, inazikatia zote. Basi umeme wa A ukipotea njiani, gia ya kwanza na ya pili hazipo tena. Kompyuta inalitambua hilo, inapepesa taa na kukuachia gia ya tatu utambae nayo hadi nyumbani. Haiondoki katika hali hiyo mpaka uzime swichi. Ukiwasha upya inapima tena, na kama waya wakati huo imegusana, mambo yanarudi kama kawaida. Rivasi kwenye gari langu haizitegemei solenoidi hizo, huletwa na mkono wa gia na msukumo wa mafuta, ndiyo maana haikuguswa.

Haya yote nimeyajua baadaye. Siku zile nilijua kitu kimoja tu, kwamba gari lililojaa barafu na samaki likiondoka na gia ya tatu kwenye mchanga wa Ngomeni linatoa harufu ya joto ambayo huipendi. Na hofu hiyo ilikuwa ya haki: ukililazimisha, mafuta ya giaboksi yanachemka na kuungua, na hapo hitilafu ya waya inakuwa imekuzalia hitilafu ya giaboksi kwelikweli. Taa ikipepesa, tafuta mahali pa salama, simama, zima, washa upya, ndipo uondoke. Ngomeni ile ile ndiko Waitaliano walikorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Vijana wa pale ufuoni hawakuacha kunikumbusha kwamba setilaiti iliondoka na gari langu halikuondoka.

Nililipeleka kwa fundi wa giaboksi. Akaliendesha mtaani, gari likamtii mwanzo mwisho. Hii ndiyo taabu kubwa ya hitilafu inayokuja na kuondoka: mbele ya fundi inajificha, na wewe unaonekana mzushi. Zaidi ukiwa mwanamke. Alinisikiliza mimi, akamjibu kaka yangu. "Bwana, hili litakuwa mafuta tu."

Yakabadilishwa mafuta, shilingi 4,600 pamoja na kazi. Sinuni hiyo, mafuta ya giaboksi yana umri wake na yangu yalikuwa ya zamani. Ila niliona mambo mawili pale. La kwanza, waliyapima injini ikiwa imezimwa na baridi, wakasema yalikuwa yamezidi. Kwenye gari langu, kama magari mengi yenye kijiti cha kupimia, hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, mkono wa gia ukiwa umepitishwa P hadi L na kurudishwa P. Injini ikizimwa mafuta hurudi chini na kipimo hupanda. La pili, mafuta yaliyotoka yalikuwa mekundu bado, hayana harufu ya kuungua, na kwenye sumaku ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, palikuwa na ule unga mweusi wa kawaida tu, bila vipande vya chuma. Ushahidi kwamba mle ndani hapana kilichosagika ulikuwa umemwagwa kwenye karai mbele yetu, na hakuna aliyeusoma.

Taa ikarudi baada ya siku chache. Safari hii akaitwa kijana mwenye mashine ya kupimia kwa kompyuta, shilingi 2,000. Mashine ikatoa namba P0753. Kijana akatafsiri: solenoidi ya A imekufa. Ikaagizwa Mombasa, ikaja na matatu ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Solenoidi 7,500, kazi 5,000, mafuta mengine 3,600 kwa sababu sampu ilibidi ifunguliwe. Niliomba nipewe ile kuukuu, wakanitazama kama naomba taka. Ombeni spea zenu za zamani, ni mali yenu, na zina maneno ya kusema.

Baada ya kufunga, fundi aliondoa terminali ya betri "ili kompyuta isahau". Gari likawa zuri. Likawa zuri wiki hiyo, na mwezi huo, na mwezi uliofuata. Nilimsifu yule fundi kwa kila mtu. Nilimpelekea pweza.

Hapa inabidi nizungumzie pepo za msimu zinazovuma Pwani, maana jibu lilikuwa humo. Kazi ile ilifanyika wakati wa maleleji, Kaskazi imekwisha na Kusi haijashika. Kusi ikishaanza kuvuma, bahari yetu inachafuka, ngalawa na mashua ndogo hazitoki kila siku, na samaki wanaadimika. Miezi yote hiyo mzigo wangu ulikuwa masanduku mawili, mara moja, mara pweza na ngisi wachache kwenye ndoo. Gari lilikuwa likitembea karibu tupu. Kaskazi iliporudi, changu na kolekole wakaanza kuteremka kwa wingi, nikajaza masanduku hadi juu, na asubuhi ya kwanza yenye mzigo wa maana taa ikapepesa.

Fundi wa giaboksi hakusita. Giaboksi imekwisha. Kuna iliyotumika Mombasa, shilingi 55,000, kazi 10,000, mafuta juu yako, na dhamana ya wiki mbili. Kaka yangu akasema afadhali niliuze gari likiwa bado linatembea. Mume wangu akanyamaza, na kunyamaza kwake nakujua.

Nataka kusema wazi hali yangu ilivyokuwa, kwa sababu anayeamua akiwa na hofu huamua vibaya, na gereji nyingi huishi kwa hofu hiyo. Hoteli haikungoji. Mpishi akishasubiri hadi saa nne bila kukuona, ananunua kwa mwingine, na kesho yake huyo mwingine ndiye anayepigiwa simu. Barafu inayeyuka kwa saa yake. Asubuhi moja nilikwama kwenye mwinuko wa kutoka mtoni Sabaki, nikaishia kuwauzia kolekole wapita njia kwa bei ya kutupa, nikicheka nao ili nisilie. Jioni hiyo nilikuwa tayari kuzituma zile 55,000 kwa M-Pesa. Kilichonizuia ni kwamba salio halikutosha.

Kwa kuwa nilikuwa nasubiri pesa, nikaanza kuandika. Daftari la hesabu za samaki, ukurasa wa nyuma. Kila taa ilipopepesa niliandika mahali, saa, mzigo ni masanduku mangapi, injini baridi au moto, mvua au jua, kiyoyozi kimewashwa au la, nilikuwa naondoka au nakwenda, tambarare au mlima, barabara nzuri au mashimo. Na muhimu zaidi, niliandika hata safari ambazo haikupepesa. Watu husahau upande huo. Ukiandika mabaya peke yake, kila kitu kinaonekana kuwa sababu.

Ukurasa ulipojaa, mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyeusoma na kuniambia. Mvua haikuhusika. Joto halikuhusika, maana ilitokea alfajiri na ilitokea mchana. Mashimo yalichangia kidogo. Lakini kurudi kutoka Watamu na masanduku matupu, haikutokea kamwe. Ilitokea gari likiwa limejaa, na ilitokea wakati wa kuondoka, hasa kwenye mlima. Pale Sabaki, polisi wakiwa wameweka kizuizi na wewe ukasimamishwa kisha ukaruhusiwa, ilikuwa karibu uhakika.

Nilitazama ule ukurasa, nikakumbuka Kusi. Solenoidi haikuponya kitu. Gari lilipona kwa sababu samaki waliadimika.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa waya, ambaye hagusi injini wala giaboksi. Nilimkuta ameketi kwenye kreti ya soda anafungua alteneta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lina nini?"

"Lina nini sijui. Ninachojua ni linafanya lini."

Akaweka bisibisi chini. Akaomba daftari, akalisoma lote, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, betri hii ndiyo iliyokuja na gari? Hapana, ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Je, gari liliwahi kuwa na alamu? Ndiyo, ya mwenyewe wa kwanza, ilishaondolewa. Ukiwa umekanyaga breki na gia iko D, ukigusa mafuta kidogo, husikii injini ikigonga? Nasikia. Akatikisa kichwa taratibu.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kutofanya. Alikataa kugusa terminali ya betri kabla ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta. Fundi anayekimbilia kuondoa betri anafuta ushahidi wote, na hitilafu ya aina hii ushahidi wake ni haba. Akachomeka mashine yake: P0753 tena. Solenoidi mpya, namba ile ile. Akanieleza kwamba namba hizi lazima zisomwe hadi tarakimu ya mwisho. P0751 husema solenoidi A haifanyi kazi yake sawasawa, na hapo unaweza kushuku valvu iliyokwama, uchafu, mafuta. P0753 husema umeme wa solenoidi A una kasoro. Kompyuta haijui kama ni solenoidi yenyewe, soketi, au waya. Inajua tu kwamba umeme haukupita ilivyotarajia. Kijana wa kwanza alisoma jina la kifaa akaacha neno lililofuata, na neno hilo likanigharimu shilingi 16,100 ukichanganya spea, kazi na mafuta.

Kisha akapima athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Alishika mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa giaboksi, injini ikiwa inawaka na taa zote zimewashwa. Ilisoma chini ya 0.1. Hiyo ni nzuri. Angeona nusu volti au zaidi angeshughulika na hiyo kwanza, kwa sababu huku kwetu athi huoza kabla ya kitu kingine chochote. Athi ya taa za nyuma, chini ya masanduku yangu, ilikuwa imeoza kweli kwa maji ya samaki. Akaisafisha akaendelea, haikuwa yenyewe.

Ndipo akaenda kwenye kompyuta ya gari, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Sasa ndiyo akaondoa betri, akachomoa soketi, akatafuta tundu la waya ya zambarau inayokwenda kwenye solenoidi A, akapima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa, kutoka hapo. Ohm 13. Kwa solenoidi kama hizi kipimo kizuri ni kati ya 11 na 15. Yaani kutoka kompyuta hadi ndani ya giaboksi, waya pamoja na solenoidi, kila kitu kizima. Nilivunjika moyo. Yeye akacheka.

"Mita haina nguvu, mwanangu. Inapitisha umeme mdogo mno. Waya ikibaki na uzi mmoja, mita itakwambia nzima."

Akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari aliombe. Akachomoa soketi ya giaboksi pia, ili waya ile ibaki peke yake, haikushikana na kompyuta wala solenoidi. Akachukua betri ya pembeni na balbu ya taa ya breki, wati 21. Upande mmoja wa waya akautia umeme, upande wa pili akafunga balbu na kuirudisha athi. Solenoidi inakula karibu ampea moja. Balbu ile inakula karibu mbili. Kwa hiyo waya isiyoweza kuiwasha balbu vizuri haiaminiki. Zingatia hapo: soketi zote mbili ziwe zimechomolewa. Ukitia umeme kwenye waya huku kompyuta imeshikana nayo, utanunua kompyuta.

Balbu iliwaka, ila nyekundu, haikuwa nyeupe. Akamwita kijana wake, akampa mtaimbo, akamwonyesha pa kuegemeza, akamwambia ainue injini taratibu kwa upande wa mbele kama inavyojiinua gari linapovuta. Injini ikapanda. Balbu ikazimika. Akaiteremsha, ikawaka. Akapandisha, ikazimika. Nilisimama pale nikiitazama ile balbu kuliko nilivyowahi kutazama televisheni.

Iliyobaki ilikuwa kutafuta sehemu. Alifungua tepu ya fungu la waya kuanzia soketi ya giaboksi kurudi nyuma, akiibana waya ya zambarau kati ya kidole gumba na cha shahada kidogo kidogo. Chini ya betri akasimama. Akaniwekea kidole changu pale. Sehemu nyingine zote waya ilikuwa ngumu, hapo ilikuwa laini kama tambi iliyoiva. Akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye ganda la waya palikuwa na tundu dogo sana, la ncha ya sindano, na pembezoni mwake kijani.

"Nani aliichoma waya yako sindano?"

Sikuwa mimi, na sitajua nani. Labda aliyefunga ile alamu, labda fundi mwingine zamani. Mafundi wengi wana testa yenye ncha kali: wakitaka kujua kama umeme upo, wanatoboa ganda, taa inawaka, wanaondoka. Bara pengine waya hiyo ingeishi miaka. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi, na mimi kila siku napita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, nimebeba maji ya bahari nyuma. Chumvi iliingia kwenye lile tundu, ikala shaba, na unga wa kijani ukatambaa ndani ya ganda pande zote mbili. Alipochana, ilibidi aendelee kukata mpaka karibu shubiri nzima ndipo akakuta shaba inayong'aa. Nyuzi zilizobaki zikiunganisha ningeweza kuzihesabu kwa mkono mmoja.

Hiyo ilikuwa nusu ya hadithi. Betri kubwa niliyowekewa ilizidi trei yake, ikalisukuma fungu la waya na kulikaza pasiwe na ulegevu. Na mauntingi ya mbele, ile raba inayoishikilia injini isirukeruke, ilikuwa imepasuka. Gari likiwa tupu injini ilijiinua kidogo tu. Likiwa limejaa, kwenye mlima, ilijiinua sana, ikaivuta waya iliyokwisha kuoza, nyuzi zikaachana kwa kitambo kifupi, na kompyuta haihitaji zaidi ya hicho kitambo. Baada ya hapo injini ilirudi chini, nyuzi zikagusana, na kila fundi aliyelijaribu gari bila mzigo alikuta gari zima.

Nimelifikiria sana hili: kama ningenunua ile giaboksi, pengine ingeonekana imeponya. Kuishusha na kuipandisha kungezisogeza waya, soketi zingechomolewa na kurudishwa, labda wangebadilisha mauntingi njiani, na Kusi ingekuwa haiko mbali. Ningelipa 65,000 na ushei, nikasifu tena, nikapeleka pweza tena.

Ukarabati wenyewe ulikuwa mfupi. Alikata kipande kibovu, akaweka waya mpya ya unene ule ule, akaunga kwa lehemu, akavisha ule mpira unaojibana kwa moto, wenye gundi ndani yake, si tepu tupu. Tepu huku huachia kwa joto na kugeuka mtego wa maji. Maungio akayaweka mahali pasipokunjika, maana lehemu ikikunjwakunjwa hukatika kando yake. Fungu la waya akalipa ulegevu na kulifunga mbali na betri, na trei ikatengenezwa. Kazi ilikuwa 3,000, vifaa 600. Mauntingi iliyotumika 4,500 na kuifunga 1,000.

Nilidhani tumemaliza, nikatoa simu nilipe. Akakataa. Akasema bila mzigo hatujui kitu, kama wenzake wasivyojua. Siku hiyo sikuwa na samaki, kwa hiyo tulijaza mitungi kumi ya maji ya lita 20, kilo 200 kamili, tukaipanga nyuma, akapanda mbele na mashine yake mkononi. Tukaenda Sabaki. Nikasimama pale pale mlimani, nikatia D, nikakanyaga. Gari likaondoka na gia ya kwanza, likabadilisha ya pili, na yeye akiwa anatazama mashine tu, hakutazama barabara. Akaniambia nirudie. Nikarudia hadi bodaboda mmoja akasimama kutuuliza kama tumepoteza kitu. Ndipo akapokea pesa yake.

Tangu hapo ukaja msimu mzima wa Kaskazi na masanduku yamejaa, na taa haijapepesa. Sasa akija fundi yeyote na testa ya ncha, namwambia mapema: hapa hakutobolewi waya. Akitaka kupima, apenyeze kipini chembamba kwa nyuma ya soketi, mahali waya inapoingilia, bila kulijeruhi ganda. Wengine hununa. Nimenunua mita yangu, ya bei ndogo, na mwanangu ndiye anayeniwekea betri yake.

Mita hiyo kitu cha kwanza nilichoipimia ni ile solenoidi kuukuu iliyotolewa kama maiti. Ohm 13. Nimeipeleka kwa jamaa wa spea, ameiweka kwenye rafu, na akipata mteja tutagawana.